Risiti ya Usingizi

Ndugu msomaji, bila shaka nawe unaye rafiki au jamaa aliyewahi kutumwa Ulaya kwa shughuli za kikazi. Ukimkuta siku ya kurejea kwake, humkuti na furaha. Unamkuta na malalamiko. Mwenzangu mmoja ambaye meza zetu zinapakana alirudi kutoka Brussels na kisa cha chumba cha hoteli ambacho taa zake haziwaki mpaka mgeni achomeke kadi ukutani. Hakuna aliyemwambia. Usiku wa kwanza alioga gizani, asubuhi akavaa soksi gizani, na mkutanoni akagundua kuwa moja ni nyeusi na ya pili ni ya buluu. Akaagiza maji ya kunywa, akaletewa maji yenye gesi, yanayowasha pua mithili ya soda iliyosahauliwa sukari. Kifungua kinywa nacho kilikuwa mkate baridi, jibini baridi na nyama baridi, "kana kwamba jiko limefiwa." Tulimsikiliza kwa huruma, lakini huruma ile ilikuwa na wivu ndani yake, maana kila mmoja wetu alikuwa akijiuliza zamu yake itafika lini.

Yangu ilifika. Mhariri aliniita, akanikabidhi barua ya utambulisho, nami nikausoma mstari wa mahali niendako mara mbili. Haukusema Brussels. Ulisema Jipe.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Jipe ni ziwa lililo mashariki ya milima ya Upare ya kaskazini, katika wilaya ya Mwanga, ambayo zamani ilikuwa wilaya moja na Same. Mpaka wetu na Kenya unapita katikati ya maji yake, na ng'ambo ya pili ndiyo mbuga ya wanyama ya Tsavo Magharibi. Si ziwa kubwa: eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 30, na kina chake hakifiki mita 3. Mto Lumi huliletea maji kutoka Kilimanjaro, na mto Ruvu huyatoa kuyapeleka bwawa la Nyumba ya Mungu. Humo anaishi perege ambaye asili yake ni maji ya huko, na wataalamu wamempa jina la ziwa lenyewe, Oreochromis jipe, tangu alipoelezwa katika maandishi ya kisayansi mwaka 1955. Mhariri alitaka nianze na soko la Same, wanakofika samaki, ndipo niende ziwani wanakotoka.

Kabla ya kuondoka nilipita kwa mhasibu kuchukua masurufu. Yeye ni mtu mpole, ila upole wake una mpaka, na mpaka wenyewe ni risiti. "Kila shilingi na risiti yake," alisema, "na risiti iwe ya mashine. Isiyo na risiti nitaikata kwenye mshahara." Nikaahidi. Mtu aliyepewa noti mpya huahidi chochote.

Safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Same ni zaidi ya kilomita 400, nami sitakuchosha nayo. Nitasema tu kwamba abiria wa pembeni yangu alilala begani pangu kutoka Chalinze mpaka Korogwe, na aliposhuka alinilaumu kwamba bega langu lina mfupa. Tulisimama mara moja tu kuchimba dawa, kwa dakika kumi ambazo kondakta alizihesabu tano.

Same ni mji wa upepo na vumbi, na jioni ile vyote viwili vilinipokea kituoni. Nilipata chumba katika nyumba ya kulala wageni ambayo sitaitaja jina. Kitanda kilikuwa kizuri. Chandarua kilikuwapo, ila kilishonwa kwa ajili ya kitanda cha mtoto, hivyo ilinibidi niamue kama mbu wale kichwa au miguu. Chini ya kitanda palikuwa na kandambili mbili, zote za mguu wa kushoto. Nilipouliza, mhudumu alinieleza bila haya kwamba zile za kulia huwekwa chumba cha pili, ili mgeni asishawishike kuondoka nazo. Hata hivyo asubuhi nililetewa ndoo ya maji ya moto bila kuomba, na nilipolipa nikapewa risiti ya mashine, ndefu, yenye namba na mistari yake yote. Nikaikunja kwa heshima, nikaitia mfuko wa shati. Nikaacha begi langu kubwa pale pale, nikaondoka na mkoba mdogo.

Siku ya pili ilikuwa ya vitabu vya wageni. Msafiri wa kikazi katika nchi yetu hapiti ofisi bila kutia sahihi: jina, cheo, utokako, madhumuni ya ziara, maoni. Nilitia sahihi ofisi tatu, kuanzia ya juu hadi ya kijiji. Katika nafasi ya maoni, wageni wote walionitangulia waliandika "Nzuri". Nami nikaandika "Nzuri", ingawa ndio kwanza nilikuwa nimeketi.

Kutoka Kifaru, kwenye barabara kuu, nilipanda pikipiki. Kijana aliyeniendesha alijua kila shimo la barabara ile kwa jina, na aliyasalimia yote. Lakini, ndugu msomaji, tulipofika nilisahau mgongo. Maji yametulia, nyuma yako milima ya Upare ya kaskazini, na mbele, mawingu yakijaalia, Kilimanjaro yenyewe. Viboko wanakoroma kwenye mafunjo kama wazee baada ya mlo wa mchana.

Mafunjo na matete hayo ndiyo yaliyonipeleka. Yamelizingira ziwa na kusonga mbele, na mahali pengine mvuvi hana budi kusukuma mtumbwi ndani ya kichochoro cha majani kabla hajauona uso wa maji. Mzee mmoja alinipakia katika mtumbwi wake, akanionyesha mahali alipokuwa akitupa nyavu alipokuwa kijana. Pamekuwa majani matupu, na ndege wanatembea juu yake kwa miguu yao.

Jioni ikaingia tukiwa bado tunazungumza. Nyumba ya wageni haikuwapo karibu. Mzee hakuuliza nitalala wapi. Alimwambia mkewe aongeze makande. Nilikula makande ya moto, perege wa kukaanga na chai ya tangawizi, nikamkumbuka mwenzangu wa Brussels na nyama yake baridi. Nikalala kitanda cha kamba, na viboko wakanibembeleza.

Alfajiri nilitoa pochi. Mzee akarudisha mkono wangu nilikoutoa. Basi nikamwomba jambo dogo zaidi.

"Mzee, niandikie walau kikaratasi kwamba nimelala hapa."

"Kwani kuna mtu anasema hukulala?"

"Hapana, mzee. Ni kwa ajili ya mhasibu."

Alinitazama kwa mashaka. "Huyo mhasibu ni mkeo?"

Nilipomweleza habari ya masurufu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, usingizi umekuja nao mwenyewe. Mimi nimekupa kitanda tu. Nitauzaje kitu kisicho changu?" Kisha akawa si mtu wa kucheka tena. Akasema baba yake alikwenda Same kwa miguu mwaka 1945 kwa sababu ya karatasi za namna hiyo. Alikuwa akisema habari ya mbiru, ile kodi ya kikoloni iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, ambayo Wapare waliikataa kwa kwenda kwa maelfu makao makuu ya wilaya na kupiga kambi pale. Profesa Isaria Kimambo aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1971. Nami nilikuwa nimeketi mbele ya mtoto wa mmoja wao, namdai risiti ya usingizi! Nikafunga daftari.

Gari la kwenda Kifaru ni Noah moja iondokayo saa kumi na moja alfajiri. Watu tulikuwa wengi kuliko viti, na beseni za samaki zilikuwa nyingi kuliko watu. Nilibanwa kando ya mama mmoja wa makamo aliyepakata beseni la perege, wamefunikwa kwa majani mabichi na gunia lililoloweshwa maji. Kondakta akadai shilingi 3,000. Nilikuwa na noti za 10,000 peke yake. Hakuwa na chenji. Simu yangu haikuwa na mtandao. Na abiria wengine wakaanza kunitazama kama mtu aliyepanga mambo hayo tangu nyumbani kwake.

"Mkatie na yeye," mama akasema, akafungua fundo la kanga.

Watani wa Wapare, hasa Wachaga, huapa kwamba fundo la Mpare halifunguki ila kwa kesi mahakamani. Nawaarifu kwamba nimeliona likifunguka kwa macho yangu mawili, tena kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Njiani alinieleza kazi yake kwa sauti ya chini, huku akinyunyizia gunia maji kwa vidole. Hununua samaki usiku mitumbwi inaporudi, hushuka Kifaru, hupanda gari jingine hadi Mwanga au Same, huuza, hurudi. Mtaji ni mkopo wa kikundi chao cha akina mama, na marejesho ni kila Ijumaa, samaki wauzike wasiuzike. Wiki iliyotangulia gari liliharibika njiani hadi saa nane mchana. Nikamwambia kwamba hata mimi nachukia magari mabovu. Baadaye niliona haya kwa kusema hivyo. Mimi gari likiharibika, ofisi huniongezea siku moja ya posho. Yeye likiharibika, samaki wanaanza kunuka.

Kifaru nilishuka mbio kwenda dukani kuvunja noti. Niliporudi na chenji, mama alikwisha dandia basi la Same na beseni lake. Nikabaki na shilingi 3,000 mkononi, na aibu.

Nilimtafuta soko la Same alasiri hiyo. Masoko yetu yana akina mama wengi wenye beseni na kanga, na nilikwisha salimia wasiopungua saba kabla hajaniita yeye: "Mwanangu, mimi nipo huku!" Nikampa fedha yake kwa maneno mengi ya kuomba radhi. Hakuwa na haja ya maneno. Alitoa daftari la shule lenye jalada la buluu, akalamba kidole, akafungua ukurasa wa siku.

Niliomba ruhusa ya kuusoma, naye akaniruhusu. Samaki 45,000. Nauli Kifaru 3,000. Ushuru 1,000, na stakabadhi yake imebanwa pembeni kwa pini. Nauli Same 3,000. Chai 500. Nauli ya kurudi 6,000. Mauzo mpaka wakati ule, 61,000. Na katikati ya mistari hiyo, kwa mwandiko ule ule ulionyooka: "Mgeni wa gazeti 3,000."

Nilipiga hesabu pale pale nimesimama. Bila mimi, faida yake ya siku nzima ilikuwa shilingi 2,500. Pamoja nami, alikuwa amepata hasara ya 500. Ukurasa wa wiki iliyotangulia ulikuwa na samaki wa 45,000 na mauzo ya 38,000, na chini yake hapakuwa na neno lolote.

"Ungefanyaje kama nisingetokea?" nilimwuliza.

"Ningekuandika deni," alijibu. "Gazeti lina ofisi."

Beseni lilibaki na perege watatu. Alitaja 6,000, nami nikatoa 6,000. Akanikaripia. "Hata hupatani? Watu watasema nimemwibia mgeni." Akanirudishia 500 kwa nguvu. Kisha, aliposikia habari ya mhasibu, akachana nusu ukurasa, akaandika: amepokea shilingi 3,000 za nauli na 5,500 za samaki kutoka kwa mwandishi, tarehe, sahihi.

Nilifika nyumbani usiku wa manane nikiwa nanuka ziwa. Perege aliowakaanga kabla hawajafungwa gazetini (si letu) waliliwa kesho yake, na watoto waligombea kichwa. Mke wangu ameuliza mara mbili lini nitatumwa tena.

Jumatatu nikaenda kwa mhasibu. Tiketi ya basi aliipokea. Ile risiti ndefu ya Same, niliyoitunza mfukoni mwa shati, jua na jasho la Jipe viliifuta yote. Nilimkabidhi karatasi nyeupe safi, akaigeuza huku na huku akitafuta upande ulioandikwa. Kuhusu usiku wa ziwani nilimweleza maneno ya mzee, naye akasema hana fungu la vitanda vya bure. Mwisho nikaweka mbele yake kile kipande cha daftari. Alikisoma kwa makini, akathibitisha kwamba hesabu ni sahihi, akavua miwani.

"Huyu mama," akauliza, "ana namba ya mlipa kodi?"