CHOO SI ZAWADI YA TAJIRI



Wasimamizi wamezoea neno moja siku hizi: "Ukipona, umepona. Kama huwezi kusimama kazini mpaka saa ya chakula, kaa kwako." Sisi twalijibu neno hilo hapa waziwazi, maana wengi wanaoambiwa hivyo hunyamaza kwa haya.

Jambo lenyewe ni mkojo kutoka bila mtu kutaka. Basi, limetajwa. Huwapata akina mama waliojifungua, wanaume waliopasuliwa tezi dume, waliopigwa na kiharusi, wenye ugonjwa wa sukari, hata mtu mwenye maambukizo ya njia ya mkojo tu. Si ulevi wala uchafu. Misuli inayofunga kibofu imelegea au imeumia, au kibofu chenyewe kinajikaza kabla ya wakati wake. Mikono ya mtu huyo ni mizima, na ufundi alioupata kwa miaka ishirini haukutoka pamoja na mkojo.

Mwenzetu mmoja, dereva wa lori, alipasuliwa tezi dume, akarudi kazini na barua ya daktari. Barua ikawekwa kando. Kila aliposimamisha gari kwenda haja aliandikwa kuwa amechelewa. Akaacha kunywa maji tangu alfajiri, halikusaidia neno. Siku moja suruali ililowa mbele ya wapakiaji, wakacheka, na kesho yake hakuonekana. Hakuna aliyemfukuza. Aibu ndiyo iliyomfukuza, na tajiri akaondokewa na mtu wa siku nyingi bila kulipa hata senti ya notisi. Hesabu nzuri hiyo kwa tajiri!

Kuacha maji kabisa hakufai. Mkojo ukiwa mzito huchoma kibofu, na haja huzidi kuja upesi. Tena choo kikiwa kigumu hukisukuma kibofu. Cha kupunguza ni chai kali, kahawa na pombe.

Na dawa ya kwanza kwa wengi haiuzwi dukani. Mwaka 1948 daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika habari za mazoezi ya misuli ya chini ya nyonga. Kaza misuli ile unayoikaza ukizuia upepo usitoke. Hesabu mpaka tano, kisha legeza kabisa. Fanya hivyo mara kumi, na urudie mara 3 kwa siku. Usizuie pumzi wala usikaze matako. Aliyepasuliwa asianze mpaka mpira wa mkojo umetolewa na daktari amekubali. Kazi hii yataka miezi 3 au zaidi, na yaweza kufanywa mtu ameketi kwenye cherehani au ameshika usukani, bila mnyapara yeyote kujua. Baada ya operesheni ya tezi dume wengi hupata nafuu mwezi baada ya mwezi, mpaka mwaka mzima.

Lakini asije mtu akatuambia mazoezi yatosha kwa wote. Mama anayevuja mchana na usiku baada ya uzazi mgumu huenda ana fistula, yaani tundu, na tundu halizibwi kwa mazoezi; lashonwa hospitali, na Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, imefanya operesheni hizo kwa miaka mingi. Mwenye damu katika mkojo asingoje. Ambaye miguu imekufa ganzi na mkojo umemponyoka kwa ghafula, apelekwe siku ile ile.

Sasa sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kazi aweke vyoo vya kutosha, vifaavyo na safi. Choo kilichofungwa kwa kufuli, ufunguo mfukoni mwa msimamizi, ni choo gani hicho? Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo yasema, mtu asiachishwe kwa sababu mwili hauwezi kazi kabla hajaelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na maneno yao yasikilizwe. Kwa hiyo usitie sahihi karatasi yoyote ukiwa peke yako ofisini.

Nanyi mnaoziba pua na kutunga majina ya mzaha, mnamfanyia tajiri kazi yake bila mshahara.

Twadai haya: mwenye barua ya daktari aende choo bila kuomba na bila kukatwa dakika zake, madereva wapangiwe vituo njiani, nguo ya kazi ya pili iwekwe. Na pipa lenye kifuniko liwe katika vyoo vyote, vya wanaume pia, maana wanaume nao huvaa pedi, na kwa sasa huzirudisha nyumbani ndani ya mfuko wa chakula.

Aliyekataziwa choo aandike siku, saa na jina la aliyemkataza, ampe mwakilishi wa chama wa idara yake. Ugonjwa wenyewe hana haja ya kuutaja. Barua ya daktari yatosha, na mwakilishi atakayeitangaza ataondolewa.