Mkunje, usimvunje

Wiki iliyopita nilifuatana na kijana mmoja wa hapa kwetu Kidichi akiwatembeza wageni katika shamba la viungo. Alichuma tunda la mkungumanga, akalipasua kwa kisu, akawaonyesha kokwa na wavu mwekundu wa basibasi ulioizunguka. Akakwangua gome la mdalasini wakanusa. Akawaeleza kwa nini karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka. Yote hayo aliyasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kitaliano, lugha alizozipata kwa masikio tu, bila kukalia dawati. Wageni walipoondoka nikampongeza. Akaangalia chini.

"Mimi papasi tu, ami."

Papasi ni mdudu mfyonza damu. Ndilo jina tulilowapachika hapa Unguja vijana wanaowafuata watalii. Nikamuuliza kazi ile alifundishwa na nani. Akanitajia mkubwa wake, aliyekuwa akimwita mjinga mbele ya wageni, na kijana akikosea jina la mti mmoja alimnyima ujira wa siku nzima. Nikasema hayo ni mateso. Akanijibu upesi, kama anayemtetea mzazi: "Lakini ndiye aliyenikomaza."

Sentensi hiyo nimeisikia maisha yangu yote, na leo nataka kuipinga. Tunaamini kwamba mwanafunzi hukomaa kwa kutwezwa, na kwamba kijana anayejiona si kitu ndiye mwenye adabu. Imani hii iko chuoni, skuli, gereji, kwa mafundi seremala na katika mashamba yetu. Inapita kwa sauti ya busara, na inaharibu watu.

Siku niliyopelekwa chuoni, mzee wangu alimwambia mwalimu maneno ambayo wazee wa zama zile waliyasema bila kufikiri mara mbili: nyama yako, mifupa yangu. Maana yake, mchape upendavyo, nirudishie mifupa mizima. Nilijifunza kusoma, nashukuru. Nilijifunza pia kutoinua mkono hata ninapojua jibu, na ugonjwa huo ulinichukua miaka mingi kuupona. Mifupa ilirudi mizima nyumbani. Kuna kitu kingine hakikurudi, na hakuna aliyekiulizia.

Nimeyapata maneno ya kulieleza jambo hili mahali ambapo wenzangu wa rika langu hawapatazami. Baada ya Isha, vijana wetu hukaa barazani vichwa vitatu juu ya simu moja, wakitazama katuni za Kijapani, anime. Wazee wakipita hutikisa vichwa. Mimi niliketi nao, kwanza kwa udadisi, kisha kwa heshima. Hadithi waliyokuwa wakiifuata ni My Hero Academia ya Kohei Horikoshi, iliyoanza kuchapishwa Japani mwaka 2014, ikafanywa anime mwaka 2016 na kumalizika kitabuni mwaka 2024. Kwa juu ni hadithi ya mashujaa wenye nguvu za ajabu. Kwa ndani ni hadithi ya mwalimu na mwanafunzi anayejidharau.

Midoriya Izuku anaishi katika dunia ambamo watu wanane katika kila kumi huzaliwa na kipaji cha ajabu. Akiwa na miaka 4 daktari anamwambia hana. Anamgeukia mama yake na kumuuliza kama naye anaweza kuwa shujaa. Mama anamkumbatia, analia, anamwomba radhi. Mapenzi yapo tele, ila neno alilolihitaji mtoto halikutoka. Skuli, mwenzake Bakugo anamwita Deku, yaani mtu asiyefaa kitu. Kijana analichukua jina hilo na kuishi nalo, kama yule wetu alivyolichukua la papasi.

Kisha anakutana na All Might, shujaa mkuu kuliko wote, na anamuuliza swali lile lile. All Might, ambaye mwenyewe anaficha jeraha lililommaliza nguvu, anamwambia hapana: bila kipaji, kazi hii haiwezekani. Lakini saa chache baadaye anamwona mtoto huyo huyo asiye na silaha akikimbilia hatarini kumwokoa yule yule Bakugo anayemtesa. Ndipo shujaa mkuu anamtafuta mtaani, anamshukuru, na analifuta neno lake la mwanzo. Anamwambia anaweza.

Wazazi na walimu wanaonisoma, tuliangalieni tukio hili kwa makini. Mwalimu amerudi nyuma kumwendea mwanafunzi na kukiri kwamba alisema vibaya. Lini mara ya mwisho tulifanya hivyo? Wengi wetu tukimkosea mtoto tunanyamaza hadi asahau, na tunadhani kunyamaza huko kunalinda heshima yetu. All Might hakupungukiwa kitu kwa kulifuta neno lake. Na baada ya kulifuta hakumdekeza kijana: alimtia kazini miezi 10 kusafisha ufukwe uliojaa takataka, akivuta majokofu na matairi, hadi mwili wake ukaweza kuipokea nguvu aliyokusudia kumrithisha.

Hapa wapo watakaosema: kumbe hata huko mwanafunzi anasulubiwa kwa kazi. Ndiyo, na kazi ngumu siipingi. Mkwezi wa minazi hapa Kidichi hafundishwi kwa maneno matamu. Anafundishwa kwa kukwea. Tofauti iko katika kile anachoambiwa kijana akiwa mtini. Yupo anayeambiwa shika vizuri, maana tunakutaka urudi chini salama. Na yupo anayeambiwa kwea, we bwege. Wote wawili wataangua nazi. Mmoja wao atajifunza kwamba mwili wake hauna thamani, na siku ya upepo atakwea pale pale, kwa sababu hajawahi kuambiwa kwamba kuanguka kwake kungekuwa hasara kwa mtu yeyote.

Horikoshi ameliona hilo vizuri kuliko wanasihi wetu wengi. Midoriya anapewa nguvu, lakini anabaki na kovu la miaka 10 ya kuitwa Deku, na kovu hilo linamfanya autumie mwili wake kama kitu cha kutupa. Katika mtihani wa kuingia shule ya mashujaa anavunjika miguu yote miwili na mkono kwa pigo moja. Katika mashindano ya shule anavunja vidole vyake kimoja baada ya kingine, kwa hiari yake, hadi bibi mganga wa shule anasema majeraha ya namna hiyo hatayatibu tena, na anamlaumu mwalimu kwa kuyaachia. Baadaye daktari anamwonya kwamba akiendelea hivyo ataipoteza mikono. Watazamaji wengi huona ushujaa. Mimi niliona kijana asiyejua kwamba naye ni miongoni mwa watu wanaostahili kuokolewa. Kwake hata mifupa haikusalia: nyama na mifupa vyote alivitoa.

Huo ndio ukweli ambao watetezi wa kutweza hawautazami. Anayejidharau hawi mtiifu zaidi, huwa mwepesi zaidi kujiangamiza. Leo atajiangamiza kwa ajili ya mwalimu wake, kesho kwa ajili ya yeyote atakayemwita kwa sauti kubwa.

"Mbona sisi tulitukanwa na tumekuwa watu?" Swali hili huulizwa kila mara, na katika hadithi hiyo hiyo limejibiwa kwa machungu. Yupo shujaa wa pili kwa ukubwa, Endeavor, anayewalea wanawe kama silaha. Mtoto wa kwanza, Toya, mwili wake hauuhimili moto alioupata kwa baba. Baba akiona hafai anamwacha kando. Wa mwisho, Shoto, anafundishwa kwa kipigo tangu ana miaka 5. Shoto anakuwa shujaa, na mtu wa kijuujuu atasema: unaona, kipigo kimezaa matunda. Huyo amemsahau Toya, anayeungua mlimani akitafuta macho ya baba yake, akadhaniwa amekufa, na baada ya miaka akarudi akiwa adui wa nyumba nzima.

Sisi pia tunamhesabu Shoto tu. Waliotukanwa wakafaulu ndio wanaosimama kwenye harusi na kuwasifu walimu wao wakali. Waliotukanwa wakavunjika hawapewi kipaza sauti. Yule aliyeacha chuo akiwa na juzuu mbili hayumo ukumbini, wala aliyeikimbia gereji, wala aliyeanza kutumia unga kwa kuwa huko alipata wenzake wasiomcheka. Mizani inayopima upande mmoja tu ni mizani ya udanganyifu, nasi tunajua hukumu ya anayepunja mizani.

Tena, tujiulize imani hii ilikuja wapi. Ardhi hii ya Kidichi na jirani yake Kizimbani ndipo mikarafuu iliposhamiri karne ya 19. Sultani Sayyid Said alijenga hamamu yake hapa mwaka 1850, ambayo wageni huja kuipiga picha hadi leo. Mashamba yaliyoizunguka yalilimwa na watu waliokuwa mali ya watu, na hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria visiwani hadi 1897. Shamba la namna ile lilihitaji mtu aamini kwamba yeye ni mdogo, maana anayejijua ni mtu hakubali kumilikiwa. Sisemi kila bakora ilizaliwa shambani. Nasema kumfundisha mtu kazi kwa kumwonyesha kwamba yeye si kitu ni desturi ya bwana na mtumwa, na haifai kuvikwa kanzu ya adabu.

Ushahidi wangu wa mwisho hautoki Japani, unatoka Fumba. Alizaliwa huko karibu na mwaka 1880 mtoto wa kike, akaitwa Mtumwa. Hilo ndilo jina alilopewa na zama zake. Alikuwa akileta vyungu mjini kuviuza, na sauti yake ikasikika. Mwanamuziki wa mjini aliisikia, akamchukua, akamfundisha. Wapinzani walimtungia nyimbo za kejeli juu ya asili na sura yake, naye akawajibu kwa nyimbo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na Afrika Mashariki nzima ikamsikia. Wakati huo hakuwa tena Mtumwa. Alishapewa jina jipya, Siti, yaani bibi mwenye heshima, na kwa jina hilo Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Fikirini lau yule aliyeisikia sauti yake angedhani kazi yake ya kwanza ni kumkumbusha asili yake ili asije akajiona.

Sitetei sifa za bure. Bakugo alisifiwa tangu mdogo kwa kipaji alichozaliwa nacho, na sifa zikamfanya mtesaji. Sifa isiyotokana na kazi ni dharau nyingine, kwa kuwa haimtazami mtoto kama alivyo. Nawaomba walimu wawe wakali kwa kosa na wapole kwa mtu. Sema jani hili ni la mkungumanga, si la mkarafuu, linuse tena. Usimwambie yeye ni mjinga. Ukimkosea, mfuate ukalifute neno lako mbele ya wale wale waliolisikia. Wazee wetu wamesema samaki mkunje angali mbichi, nami nalikubali neno lao lote. Walisema mkunje. Hawakusema mvunje.

Katika ile anime, msichana Ochaco anamwambia Midoriya kwamba kwake jina Deku linasikika kama neno la Kijapani la kusema unaweza. Tangu hapo kijana analivaa kama jina lake la ushujaa. Baadaye Bakugo anasimama mvuani mbele ya wenzake, anainamisha kichwa, anamwomba radhi, na anamwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, Izuku. Mwisho wa hadithi ile nguvu ya kurithi inamwishia Midoriya, naye anakuwa mwalimu katika shule iliyomlea. Thamani yake haikuondoka na nguvu.

Nasi tunalo neno ambalo sijui kama Wajapani wanalo. Somo ni kile unachofundishwa. Somo ni yule anayemfunda mwari. Na somo ni mtu mnayeitana naye jina moja. Lugha yetu imewafunga watatu hao katika neno moja, kama kwamba waliotuachia walijua kwamba mwanafunzi huondoka na jina kutoka kwa mwalimu wake. Yule kijana wa shamba la viungo naye sasa ana mdogo wake anayemfundisha, mtoto wa miaka kumi na kitu anayembebea kisu na kikapu. Jana nilimsikia akimwita. Alimwita papasi.