Muziki mzito wa kijana wako si ndwele

Majuzi mama mmoja aliingia kliniki mwangu hapa Nairobi akimtanguliza mwanawe wa miaka 17. Alimketisha kwenye kiti cha wagonjwa, akaiweka simu ya kijana mezani kana kwamba ni kielelezo mahakamani. "Daktari, hebu sikiza mwenyewe," akasema. "Huyu hulala na kelele hizi masikioni. Mchungaji ameomba, mwalimu ameadhibu. Mpe dawa aache."

Nilibonyeza simu. Kwanza ulitoka mlio mkali, ule unaosikika kanisani fundi anapokisogeza kipaza sauti karibu mno na spika. Kisha zikaingia gitaa mbili, nzito, zikijikokota kama lori lililonasa matopeni. Mwanamume mmoja akaanza kupiga ukemi wa mtu aliyebanwa kidole na mlango. Sikumaliza wimbo. Nilimuuliza kijana jina la kanda ile, akanijibu kwa sauti ya chini kwamba ni albamu ya kundi la Eyehategod la New Orleans, Marekani, iliyotolewa mwaka 1993. Inaitwa "Take as Needed for Pain".

Hapo nilicheka, na mama akanitazama vibaya. Msomaji asiye daktari huenda asilielewe kicheko changu. Maneno hayo ndiyo tunayoandika kwenye karatasi ya dawa kila siku: tumia kila unapohisi maumivu. Sisi huyafupisha kwa herufi tatu za Kilatini, PRN. Kijana alikuwa ameniletea cheti cha dawa alichojiandikia mwenyewe, nami, baada ya miaka ishirini hivi ya kazi hii, nusura nisikisome. Kalamu ilikuwa tayari mkononi nimwandikie vidonge vya usingizi.

Wazazi wa rika langu tuna sababu ya kuogopa muziki wa aina hii. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani humu nchini, na sisi tuliokuwa wanafunzi enzi hizo tunakumbuka jinsi fulana nyeusi au kanda ya roki ilivyotosha kumwitisha mtu mzazi. Hofu hiyo haijatutoka. Lakini daktari akiulizwa kama kitu fulani ni ugonjwa, hana budi kukipima kwanza. Kwa hiyo jioni ile nilijifungia chumbani nikaisikiliza albamu nzima. Mke wangu alibisha mlango mara mbili kuuliza kama niko salama.

Mtindo huo huitwa sladji, yaani tope zito, na jina limeufaa. Ulizaliwa Marekani katika miaka ya themanini, pale vijana waliolelewa na panki, muziki wa kasi na hasira, walipoamua kupunguza mwendo hadi ukawa wa kutambaa. Kundi la Melvins kutoka jimbo la Washington lilitangulia kwa albamu yake ya 1987. Wale wa New Orleans, jiji la joto, vinamasi na bluzi, waliuongezea uchungu wa bluzi za kusini. Ukisikiliza kwa makini utatambua kwamba chini ya kelele zile kuna bluzi hasa, ila ni kama imechezwa na mtu mwenye homa.

Uzito wenyewe, kwa taarifa yako, una asili ya kitabibu. Mwaka 1965 kijana wa miaka 17 aitwaye Tony Iommi alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati mjini Birmingham, Uingereza. Mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa alipiga gitaa kwa mkono wa kushoto, hivyo ndivyo vidole alivyohitaji kubana nyuzi. Msimamizi wake kiwandani alimpelekea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa maarufu aliyeungua mkono katika moto wa mwaka 1928 na kuendelea kupiga kwa vidole viwili. Iommi akajitengenezea vifuniko vya plastiki na ngozi vya kuvika vidole. Akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza zisimuumize, na nyuzi zilipolegea sauti ikashuka. Katika albamu ya tatu ya kundi lake la Black Sabbath, ya mwaka 1971, gitaa limeshushwa nusu toni tatu. Makundi yote mazito yaliyofuata yameinywa chemchemi hiyo. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutikisika mara 82 hivi kwa sekunde. Ukiushusha hadi mara 65 au 62, mlio wake huupati kwa sikio peke yake, bali kifuani pia, na hasa ukiwa karibu na spika kubwa.

Nadhani hapo ndipo ulipo mvuto wake. Mtu mwenye huzuni akichezewa wimbo wa furaha hujiona ametengwa zaidi. Muziki huu haumwambii achangamke. Unamwendea kwa mwendo wake, mzito na wa kuburura miguu, kisha ghafla unafyatuka kwa hasira na kuchoka tena, kama afanyavyo mtu aliyefiwa. Sisemi ni mtamu. Mimi ni mtu wa rhumba na nitabaki kuwa wa rhumba. Lakini ilipofika nusu saa nilitambua kwamba mabega yangu yalikuwa yameshuka, na kwamba nilikuwa nikimfikiria marehemu baba yangu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda.

Je, hasira za muziki humwambukiza msikilizaji? Mwaka 2015 watafiti Leah Sharman na Genevieve Dingle wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichukua mashabiki 39 wa muziki wa aina hii, wenye umri wa miaka 18 hadi 34. Waliwachokoza kwanza kwa kuwahoji kuhusu mambo yaliyowakasirisha, kisha wengine wakasikiliza muziki wao kwa dakika 10 na wengine wakakaa kimya. Waliosikiliza hawakuzidi kukasirika. Hasira zao zilishuka kama za wale waliokaa kimya, na zaidi ya hayo walisema wamepata ari. Ni kundi dogo, na lilikuwa la watu wanaoupenda muziki huo tayari, kwa hiyo haimaanishi shangazi yako akichezewa atatulia. Hata hivyo, sijaona ithibati ya kunifanya nimwambie mama yule kwamba gitaa ndilo limemharibu mwanawe.

Hatari ninazoziona mimi ni mbili, na kila moja ingetokea hata kama kijana angekuwa akisikiliza kwaya.

Ya kwanza ni sauti kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Ukipandisha hadi 90, muda salama unashuka hadi saa 4, na kwenye 100 ni dakika 20 tu kwa wiki nzima. Vinyweleo vilivyo ndani ya sikio vikishafa havioti tena. Tena jambo la ajabu ni kwamba hata muziki ukiwa wa sauti nene kiasi gani, uharibifu wa kelele kwa kawaida huanzia kwenye sauti nyembamba, karibu na mitikisiko 4,000 kwa sekunde, na ndiyo maana mtu hugundua baada ya miaka kwamba anasikia watu wakizungumza lakini hapati maneno. Nilipompima kijana nilimkuta salama, ila alikiri kwamba masikio humvuma baadhi ya asubuhi. Kwa hilo nilimkaripia bila huruma.

Ya pili iko kwenye jina la albamu yenyewe. Wanamuziki wa kundi lile hawakuwa wakifanya mzaha kuhusu maumivu na dawa zake. Mwimbaji wao, Mike Williams, amesimulia hadharani miaka yake ya heroini, na mwaka 2016 ilibidi abadilishiwe ini. Mpiga ngoma wao, Joey LaCaze, alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 42, kwa kushindwa kupumua. Nilimweleza kijana hayo yote, nikagundua anayajua kuniliko. "Ndiyo maana naamini wanachosema," akaniambia. Sikuwa na jibu la haraka.

Nilimwomba mama atupishe kidogo. Ndipo nikauliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza kabla ya kuigusa simu: unaumwa wapi? Ilichukua muda. Kakake mkubwa alikuwa amefariki katika ajali ya barabarani miezi minane iliyopita. Nyumbani jina lake halitajwi kwa sababu mama hulia. Albamu ile aliikuta kwenye simu ya marehemu. Kijana alikuwa halali zaidi ya saa tatu, amepungua kilo kadhaa, na alikuwa ameshawahi kufikiria kwamba kulala moja kwa moja kungekuwa nafuu.

Mzazi, hizo ndizo dalili. Kukosa usingizi kwa wiki nyingi, kukonda, kujitenga na rafiki, kuzungumzia kifo. Ukiziona, mlete mtoto hospitalini siku hiyo hiyo, awe anasikiliza injili, bango au tope zito. Ukimpokonya simu bila kuuliza, umeondoa kipimajoto na homa umeiacha.

Sikumwandikia vidonge vya usingizi. Nilimpeleka kwa mwenzangu wa magonjwa ya akili wiki ile ile, na mama pia akaanza kuonana na mshauri, ingawa alilalamika kwamba yeye si mgonjwa. Kuhusu albamu tulipatana hivi: isiwekwe masikioni usiku, ichezwe sebuleni Jumamosi alasiri kwa sauti ya kadiri, na milango isifungwe.

Walirudi mwezi uliopita, na kwa idhini yao ninaandika haya. Kijana ameongeza kilo mbili na analala saa sita. Mama aliniambia bado hazipendi kelele zile hata kidogo, lakini Jumamosi moja aliketi hadi mwisho, na mwanawe akamwonyesha ni wimbo upi kakake aliupenda zaidi.