Njia ya Masomo ni ya Nani?



Sisi ndio wale wa kusimama kwenye mlango wa masomo kila asubuhi, daftari mkononi. Mnatujua, na kuko wengi wasiotupenda. Leo tuko na neno, na mwanzo wake ni kosa letu wenyewe.

Msimu huu wa mvua, mdogo wetu wa madarasa ya chini alisikia kengele angali ng'ambo ya barabara. Akakimbia. Pikipiki yenye mizigo ya kwenda Kabambare ikamgonga. Mungu alisaidia, akavunjika mguu tu. Watu wote walimlaumu mwenye pikipiki. Lakini usiku sisi tulijiuliza: alikimbia kwa sababu ya nani? Kwa sababu yetu. Alijua tutaandika jina lake.

Mtasema: pahali pa watu wa miguu pako wapi? Kweli, hapako. Kandokando kuko majani na mfereji ulioliwa na mvua. Mama na kitunga cha mihogo kichwani, baba anayesukuma kinga yenye mafuta ya mawese, mtoto wa masomo, wote wanapita katikati pamoja na pikipiki na malori. Na kwetu walio wengi ni watu wa miguu, tangu zamani. Ile njia ya Ujiji, Kabambare, Kasongo mpaka Nyangwe, katika karne ya 19, ilikanyagwa na miguu ya wapagazi, na wengi hawakuitembea kwa kupenda. Watu wa wakati ule walituachia hata miembe. Tukikata mwembe wa barabarani kwa ajili ya makala, tunakata kivuli cha mwenye kutembea.

Wengine wanasema: tungoje serikali ilete lami. Hatukubali. Lami bila pahali pa miguu italeta mbio tu. Wenzetu wa fizika wahesabu: chombo cha kilometa 60 kwa saa kinapita karibu meta 17 kwa sekunde moja, kwa 30, karibu meta 8. Mbio ikipungua nusu, nguvu ya kugonga inabaki robo. Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilisema mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani zinaua watu karibu 1 190 000 kila mwaka, na kwa wenye miaka 5 mpaka 29 hakuna kinachoua zaidi. Hiyo ni miaka yetu.

Basi tufanye hivi:

1. Salongo ya Jumamosi: kufyeka majani, kuzibua mfereji, kuweka mbao nzito za kuvukia mbele ya mlango.

2. Magari yanapita kuume. Sisi tutembee kushoto, mmoja nyuma ya mwenzake, tuone kinachokuja. Tuache kupanga mstari wa watu watano kama harusi!

3. Mkubwa wa masomo azungumze na wakubwa wa mji na wenye pikipiki juu ya matuta mawili ya udongo hapa mbele.

4. Siku ya mvua, mlango ubaki wazi dakika 15, na hakuna jina kuandikwa.

Walimu wengine watasema hiyo ya nne inafundisha uvivu. Tunawajibu kwa heshima: mwenye kuchelewa tutamwonya kesho. Mwenye kufa, tutamwonya lini?

Mdogo wetu atarudi na fimbo yake. Tunataka siku ile akute mbao ziko tayari. Jumamosi, saa moja asubuhi, kila mtu na jembe lake. Sisi tutakuwa wa kwanza, bila daftari.

Kwa niaba ya wachunga nidhamu,
Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho