Jenereta ya Kuosha Magari: Piga Hesabu Kabla ya Kuweka PIN

Kuosha gari la mteja palepale alipoliegesha ni biashara poa. Unabeba maji, mashine ya presha na vakyumu, unamfuata mteja nyumbani ama ofisini, analipa kwa simu, unaenda kwa mwingine. Shida huwa ni stima. Si kila mteja atakupa soketi yake, kwa hivyo karibu kila anayeanza hujiuliza swali moja: ninunue jenereta gani?

Wengi huambiwa, "Nunua kubwa, uwe salama." Sisi hatukubaliani na ushauri huo. Hatuuzi jenereta, kazi yetu ni malipo, na swali letu ni moja tu: itakula pesa ngapi kwa kila gari? Jenereta kubwa kupita kazi hunywa mafuta hata mzigo ukiwa mdogo, na huhitaji watu wawili kuiinua. Iliyo ndogo mno nayo huzidiwa mara tu presha inapowashwa. Inayokufaa utaipata kwa hesabu.

Anza na mashine zako

Soma wati zilizoandikwa kwenye kila mashine. Tuseme presha ni 1,400 na vakyumu ni 1,200. Ukiziwasha pamoja, ni 2,600. Lakini mbona uziwashe pamoja? Osha nje kwanza, zima presha, kisha uingie ndani na vakyumu. Hapo mzigo wako mkubwa ni 1,400 pekee. Kumbuka tu kwamba mota huvuta zaidi inapoanza, wakati mwingine mara mbili, kwa hivyo weka nafasi ya 2,800.

Jambo ambalo huenda usiambiwe dukani ni mwinuko. Injini ya petroli hupungukiwa nguvu mahali palipo juu kwa sababu hewa ni nyepesi. Kadirio la kawaida ni asilimia 3.5 kwa kila mita 300 kutoka usawa wa bahari. Mombasa utapata karibu nguvu yote. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, unapoteza kama asilimia 20. Eldoret, kwenye mita 2,100 hivi, ni karibu robo nzima.

Basi ukiwa Nairobi, gawanya 2,800 kwa 0.8, upate 3,500. Hiyo ndiyo nguvu ya kuanzia unayotafuta. Nguvu ya kudumu isiwe chini ya 1,750, na ikizidi kidogo ni bora. Namba kubwa kwenye boksi mara nyingi ni ile ya kuanzia, kwa hivyo uliza zote mbili.

Mafuta ndiyo bei yenyewe

Tuseme jenereta inakunywa lita moja kwa saa, na petroli ni shilingi 180. Weka bei ya mwezi wako, ile EPRA hutangaza kila tarehe 14. Gari moja linachukua saa moja na nusu. Ukiiacha jenereta ingurume muda huo wote, umechoma shilingi 270. Lakini stima unaihitaji kwa dakika 40 hivi tu. Kupaka sabuni na kufuta ni kazi ya mkono. Ukiizima katikati, unatumia shilingi 120. Umeokoa 150. Kwa magari manne kwa siku, siku 26, hiyo ni shilingi 15,600 kwa mwezi. Kuna watu hiyo ni kodi ya nyumba.

Ndiyo maana tunasema jenereta ya invata isikutishe kwa bei yake. Mzigo ukipungua, injini yake hupunguza mwendo, ikala mafuta kidogo na kupiga kelele kidogo. Kelele pia ni pesa: majirani wakilalamika, soja hatakufungulia geti tena.

Na hata mteja alipe vizuri namna gani, usiwashe jenereta kwenye maegesho ya chini ya jengo. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu, na inaua. Gari litolewe nje, ama kazi iachwe.

Siku ya kulipa

Beba presha yako hadi dukani na uiwashe kwa jenereta hiyohiyo kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, nenda duka jingine. Usitume dipoziti kwa nambari ya mtu binafsi eti kwa sababu picha ni safi. Lipa kwa till ya duka, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na udai risiti pamoja na waranti.

Ukianza kazi, wateja walipe kwenye till yako, na mafuta yatoke hapohapo. Mwisho wa mwezi utaona kila kitu bila kubahatisha.

Hesabu ya mwisho ni hii: gawanya bei ya jenereta kwa pesa inayobaki mkononi kwa gari moja. Kama ni shilingi 45,000 na gari linakuachia 450, itabidi uoshe magari 100 ndiyo pesa yako irudi. Kama wateja hao bado hujawaona, usikimbilie mkopo. Kodisha jenereta kwa wikendi chache, uone simu zitakazoingia, kisha uamue.