Nyumba ya Watu Wote Mtaani

Tumeulizwa na wazee wa mtaa mmoja wa Kasongo. Nyumba zao zimekwisha kupangwa kwa mistari, kiwanja kimoja kimebaki katikati, nao wataka kujenga hapo nyumba ya mikutano, ya mafundisho na ya michezo. Wauliza iwe na ukubwa gani. Sisi twaona kuna swali la kutangulia: ni nani watakaoingia, na kwa saa zipi?

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1952, katika mpango wao wa miaka kumi wa 1949 hadi 1959, Wabelgiji waliunda ofisi iliyoitwa Office des Cités Africaines, nayo ikajenga mitaa mizima: Matete na Bandalungwa huko Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, na Bagira huko Bukavu. Wachoraji wake waligawa mji kwa vitongoji, wakataka kila kitongoji kiwe na shule yake, soko lake na mahali pa kukutania, ili mtoto asiende mbali. Fikira njema kabisa. Lakini wenyeji hawakuulizwa neno. Ramani ilitoka ofisini imekwisha. Hata nyumba za mafundisho ya kina mama, Foyer Social, zilifundisha kushona, kupika na kulea kwa desturi za Kizungu, kana kwamba mama zetu hawakuwahi kulea mtu.

Huko Nairobi mambo yaligeuka kwa namna nyingine. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na katikati yake pakawekwa ukumbi wa starehe na mafundisho. Watu wakaufanya mahali pa kusemea haki zao, hata wakauita Bunge. Tom Mboya naye aliwahutubia wananchi humo. Mchoraji hakupanga hivyo.

Nasi Maniema tunao mfano wa zamani zaidi, nao ni barza. Kasongo ya kale, iliyokuwa makao ya Tippu Tip tangu miaka ya 1870, ilitajirika kwa pembe na kwa watumwa, wala hatuisifu kwa hayo. Lakini desturi ya barza tunayo hata leo. Mtu aketiye barzani huonekana, na apitaye njiani husalimu kisha huketi asiombe ruhusa. Kwa hiyo twawashauri wazee: chumba kiwe cha kadiri, barza iwe pana, nayo iizunguke nyumba pande zote nne. Kusoma, kushona, kusuka mikeka, kusuluhisha ugomvi, mengi ya hayo yatafanyika nje kivulini, na mjane mwenye haya ataanza kwa kuketi pembeni kabla hajathubutu kuingia ndani.

Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni lisizipige. Paa la mabati ni imara, lakini mvua ikinyesha mwalimu hupiga kelele bure. Wekeni dari ya mianzi chini yake. Vyoo vya wanawake viwe mbali na vya wanaume. Tena ukumbi usibanane na nyumba za watu, kwa maana ngoma ya arusi huku na matanga kule ni jambo la kuvunja ujirani.

Sasa tuwakumbuke wenzetu wa Kabambare. Vita vya vikundi vya Mai-Mai vimewafukuza watu wengi katika vijiji vya eneo hilo, nao hukimbilia kwa ndugu zao au popote penye paa. Wageni wakilala darasani, masomo husimama, kisha wenyeji huanza kunung'unika. Twasema basi: jengeni vyumba viwili vyenye milango miwili. Siku ya dhiki kimoja kipokee wageni, kingine kiendelee na kazi. Gharama itaongezeka, twajua. Afadhali kupunguza urefu wa jukwaa, ambalo tumeona mara nyingi likitumika kuwekea viti vya wakubwa tu.

Limebaki neno la ufunguo. Tumeona nyumba nzuri za namna hii zikifungwa mwaka mzima, ufunguo umo mfukoni mwa mtu mmoja, nao hutolewa kwa anayelipa. Funguo ziwe mbili, na moja ishikwe na mwanamke aliyechaguliwa na wanawake wenyewe. Saa zao ni alasiri, wakirudi shambani. Zisipangiwe kitu kingine. Na miembe ya kivuli ipandwe mwanzo wa mvua hizi, hata kama matofali hayajachomwa bado.