Mimba haisomwi kwa macho

Hapa Mavivi tunasikia kila siku: "Huyu ana mwili mkubwa, atazaa vizuri," ao "Ni mimba ya tatu, hakuna shida." Kisha baba anaenda kwenye machimbo majuma matatu, simu haipatikani. Sisi tunasema maneno hayo njo yanatupotezea wamama.

Hayatoki Ulaya tunayosema. Katika miaka ya 1980 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kasongo, kule Maniema, kwa watu wa Kiswahili kama sisi. Walitaka kujua kama munganga anaweza kutambua mapema mama ambaye mtoto atakwama, kwa kupima urefu wake na kuuliza alizaa namna gani mbele. Katika wamama 100 waliopata shida hiyo, 71 hawakuwa wametambuliwa. Na katika 100 walioambiwa wako katika hatari, 90 hawakuipata.

Kupimisha mimba kuna faida kubwa: presha, upungufu wa damu, malaria, vyote vinaonekana pale. Lakini mtoto kukwama kunaonekana saa ya uchungu wenyewe, na ni pale inaombwa karatasi inayoitwa partogramu. Mwaka 1972, Philpott na Castle, waliofanya kazi katika mji ambao leo unaitwa Harare, walichora juu yake mistari miwili. Wa kwanza unaonya; wa pili, saa nne nyuma yake, unasema fanya kitu. Walifikiria wakunga wa vituo vidogo, mbali na hospitali. Ni kama walifikiria Mavivi.

Tangu 2020 OMS imetoa karatasi mpya. Uchungu wenye nguvu unahesabiwa kuanzia sentimita 5, na mama halazimishwi tena kufunguka sentimita moja kila saa. Lakini kazi ni ile ile: kuandika moyo wa mtoto, presha na njia inavyofunguka, palepale. Karatasi inayojazwa kisha mtoto kuzaliwa, ili daftari lionekane safi, haijaokoa mutu.

Tena karatasi haina magurudumu. Tuko kwenye barabara namba 4, kati ya Beni na Oicha, na usiku kila mutu anaiogopa juu ya vita. Tunaomba wakubwa wa jeshi na wa afya wapatane: mama mwenye uchungu na karatasi ya kutumwa hospitali apite kwenye barieri saa yoyote, bila kulipa hata franga moja.

Na ninyi wababa wa machimbo. Mbele ya kupanda, muache pesa mukononi mwa bibi mwenyewe, si kwa ndugu. Muache namba ya motari anayekubali kutoka usiku. Na mumwambie mama mkwe wazi kwamba munganga akisema twende, musiningoje. Mtoto akikwama muda mrefu, tumbo la uzazi linaweza kupasuka. Mama akipona anaweza kubaki na fistula, mkojo unatoka bila yeye kutaka, na wengi wanafichwa nyumbani kwa haya.

Mukifika kwenye kituo, muulize mkunga kwa heshima: "Mama, karatasi yake iko wapi? Alama imefika wapi?" Hakuna anayeweza kuwafukuza juu ya swali hilo.